Heko, Katibu wa Watoto

Kila kijiji cha Uganda, kuanzia Kasese mjini hadi Bwera karibu na mpaka wa Mpondwe, kina kamati ya watu wasiozidi 10. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inamtaka makamu mwenyekiti awe pia katibu wa ustawi wa watoto. Heko kwake, maana kazi yenyewe haina mshahara wa mwezi. Baraza la kijiji nalo ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Bibi anayelea wajukuu ana sauti sawa na mwalimu. Napenda hilo kuliko semina zote za hotelini. Mwaka 2018 ulifanyika uchaguzi wa viongozi wa vijiji, wa kwanza tangu 2001. Mzazi, kikao kikiitwa, nenda ukaseme.