Kiti Kwanza, Spika Baadaye

Sauti mbaya katika vyumba vyetu vya filamu huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Spika zenyewe zikiwa bado dukani, fundi umeme anachonga ukuta kwa ajili ya soketi na swichi, na hakuna anayemwambia kwamba chumba hiki kitahitaji mabomba ya ziada. Plasta ikishapigwa na marumaru zikishatandikwa, spika zitawekwa pale waya zinapofika, na familia italazimika kuzoea.

Nyumba ninayoichambua hapa iko Goba, Dar es Salaam, na niliombwa kuitazama ikiwa imepauliwa lakini kuta bado ni matofali matupu. Chumba kilichotengwa kwa filamu na mpira kina urefu wa mita 5.6, upana wa mita 4.0, na dari ya jipsamu itakayokaa mita 3.0 kutoka sakafuni. Dirisha liko ukuta wa kushoto, karibu na runinga. Mlango uko ukuta wa kulia, kule nyuma. Mwenye nyumba alitaka kuanza na spika tano na moja ya besi, halafu aongeze za darini mfuko ukiruhusu.

Ramani ilionyesha runinga ukuta mfupi wa mbele na kochi likiegemea ukuta wa nyuma, kama yalivyo makochi ya sebule nyingi. Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na ubishi huo ulifaa kuliko kazi nyingine yote iliyofuata. Kochi likigusa ukuta, kichwa kinakaa pale besi inapojirundika, na sauti inayopiga ukuta wa nyuma inarudi sikioni karibu papo hapo, ikitia ukungu maneno ya waigizaji. Ipo kanuni ya kuanzia inayotumiwa na wengi: kichwa kiwe kwenye asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta mmoja. Kwa chumba hiki ni mita 2.1 kutoka ukuta wa nyuma, yaani mita 3.5 kutoka ule wa mbele. Fundi aliuliza swali la maana: "Sasa mama, kochi likikaa katikati, watu watapita wapi?" Jibu lilitolewa na mlango wenyewe. Kwa kuwa uko nyuma, anayeingia anapita mgongoni mwa waliokaa bila kukatiza picha, na nafasi inayobaki nyuma ya kochi inamtosha.

Baada ya makubaliano hayo kazi ikawa ya kamba na chaki. Matofali yalipangwa pale kichwa kitakapokuwa, msumari ukawekwa juu kwa kimo cha sikio la mtu aliyekaa, mita moja na ushee, na kamba ikafungwa kwenye msumari. Kila spika ilitafutwa kwa kuivuta kamba hiyo hadi ukutani. Njia hii naipenda kwa sababu mwenye nyumba anaona kwa macho yake kile ambacho mchoro unakificha: hapa kamba inagonga fremu ya dirisha, pale inapita mbele ya swichi.

Pendekezo la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano linalojulikana kama BS.775 linataka spika za mbele, kushoto na kulia, zikae nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Kampuni ya Dolby inaruhusu kati ya nyuzi 22 na 30. Uso wa spika ukiwa sentimita 40 kutoka ukutani, umbali wa kwenda mbele kutoka sikioni ni mita 3.1, na nyuzi 30 zingesukuma kila spika mita 1.79 kutoka katikati. Chumba kina mita 2.0 tu kila upande. Spika ingebanwa kwenye kona, na kona huivimbisha besi mpaka sauti ya mwanamume ikasikika kama inatoka ndani ya pipa. Tukashuka hadi nyuzi 25: mita 1.45 kutoka katikati, sentimita 55 kutoka ukuta wa pembeni. Tofauti hiyo ya nyuzi tano ilitupa nafasi ya kupumua, na bado tuko ndani ya kipimo. Spika ya katikati, inayobeba karibu mazungumzo yote ya filamu, inakaa chini ya runinga ikiwa imeinamishwa kidogo kuelekea sikioni. Kuiweka ndani ya kabati lenye mlango ni kuiziba mdomo.

Spika za pembeni zilitutoa jasho kidogo. BS.775 inaziweka kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Tulianza na 110. Kwa hesabu hiyo kila spika ingekuwa sentimita 73 nyuma ya mstari wa kichwa, na upande wa kulia mlango ukifunguliwa ungeigonga. Ingewezekana kuiacha ya kushoto mahali pake na kuisogeza ya kulia peke yake, lakini sikio linazitambua pande mbili zisizolingana haraka kuliko linavyotambua nyuzi zilizopungua. Zote mbili zikarudi kwenye nyuzi 100, sentimita 35 tu nyuma ya kichwa, kwa kimo cha mita 1.3 ili kichwa cha jirani kisizibe sauti.

Sasa besi, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Miongozo mingi ya spika imeandikwa na watu wa Marekani, ambako kuta za nyumba nyingi ni fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo hutikisika kidogo na kumeza sehemu ya besi. Ukuta wa tofali la saruji lililopigwa plasta karibu haumezi kitu. Besi inagonga, inarudi, inagonga upande wa pili, na mawimbi yenye urefu unaolingana na chumba yanajijenga yenyewe. Kwa joto la nyuzi 30 za Selsiasi sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata mlio wa kwanza ambao chumba kitaukuza: Hz 31. Kwa upana ni Hz 44, kwa kimo Hz 58. Wa pili wa urefu ni Hz 62, na huo umekaa jirani mno na ule wa kimo, kwa hiyo eneo la Hz 60 ndilo la kuchungwa zaidi.

Mawimbi haya yana mahali pa kelele na mahali pa ukimya. Yale ya Hz 31 hupotea katikati ya urefu wa chumba, mita 2.8, na hujaa kwenye kuta za mbele na nyuma. Ya Hz 62 hupotea kwenye mita 1.4 na mita 4.2. Kichwa kilichopo mita 3.5 kimekwepa mashimo yote matatu, na hiyo ndiyo maana halisi ya asilimia 38. Upana ndio wenye shida. Wimbi la Hz 44 hupotea katikati kabisa, pale anapokaa mwenye nyumba, huku aliye pembeni ya kochi akilisikia limejaa.

Dawa ya jambo hili ilichunguzwa vizuri na Todd Welti wa kampuni ya Harman mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alilinganisha mipango mingi ya spika za besi katika vyumba vya mstatili, na moja ya mipango aliyoipendekeza ni spika mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana. Zikiwekwa katikati ya ukuta wa mbele na wa nyuma, haziliamshi wimbi la Hz 44 kwa sababu zimesimama kwenye ukimya wake, na zenyewe kwa zenyewe zinafuta lile la Hz 31 kwa kusukuma ncha zake mbili kwa pamoja. Matokeo yake aliye katikati na aliye pembeni wanasikia besi zinazokaribiana. Kwa familia inayokaa watano kwenye kochi moja, faida hiyo ni kubwa kuliko kununua spika moja yenye nguvu maradufu.

Lakini besi haichorwi ikaisha. Milango, madirisha na samani hubadilisha hesabu, na chumba kisicho na vioo hakiwezi kupimwa kwa uaminifu. Kwa hiyo tuliacha njia nne: katikati mbele, katikati nyuma, na kona mbili za mbele. Chumba kitakapokamilika spika ya besi itawekwa juu ya kochi, pale pa kukaa, na mtu atatambaa sakafuni akisikiliza kwenye kila moja ya sehemu hizo nne. Pale besi inaposikika sawa bila kuvuma, ndipo spika itahamia. Kila njia ilipewa pia soketi ya umeme, kwa sababu spika nyingi za besi zina amplifaya yake ndani. Hilo husahauliwa kila mara, na ndilo huzaa zile waya za kuunganisha zinazokatiza sebule.

Darini tulipishana na fundi jipsamu. Dolby Atmos, mfumo wa sauti inayotoka pia juu ya kichwa, ilianza kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na kuingia majumbani 2014, na ndiyo sababu ya watu kutoboa dari. Tukapanga matundu manne: mawili ya mbele kwa nyuzi 45 kutoka sikioni, mita 2.0 mbele ya kichwa, na mawili ya nyuma. Ya nyuma hayakuweza kuakisi ya mbele, kwani mita 2.0 nyuma ya kichwa zingeyapeleka sentimita 10 tu kutoka ukutani. Yaliwekwa mita 1.4 nyuma, na hilo limo ndani ya kinachoruhusiwa. Shida ikawa boksi la mapambo lenye taa, upana wa sentimita 60, linalozunguka dari yote. Spika zikifuata mstari wa zile za mbele zingeangukia ukingoni mwake. Zikasogezwa ndani, mita 1.1 kutoka katikati. Kuhusu bati, niseme wazi: mvua ya masika ikishuka, hakuna spika ya darini itakayoshindana nayo. Pamba ya kuzuia joto juu ya jipsamu itapunguza kelele na italinda waya dhidi ya joto kali la chini ya bati, lakini haitaziondoa kelele zote.

Mabomba yenyewe: milimita 25 kwa waya za spika, kila moja na kamba ya nailoni ndani, na kona za kupinda taratibu badala ya elbo kali. Kwenda kwenye runinga ni bomba la milimita 50, kwa sababu kichwa cha waya wa HDMI kina upana wa milimita 20 na ushee na hakipindi. Waya za spika ni shaba ya milimita za mraba 2.5. Kwa umbali wa mita 15 kwenda na mwingine kama huo kurudi, ukinzani wake ni kama omu 0.22, kiasi kidogo kwa spika ya omu 8. Mabomba haya hayachanganywi na ya umeme wa volti 230, kwanza kwa usalama, kisha kwa sababu waya mwembamba wa spika ya besi hudaka mvumo wa Hz 50. Yakikutana, yanapishana kwa pembe ya mraba. Midomo yote ilizibwa kwa tepu kabla ya plasta, na kila ukuta ukapigwa picha futi kamba ikiwa imenyooshwa juu yake.

Limebaki suala la mwangwi, ambalo litamalizwa na fenicha. Hesabu ya mwanafizikia Wallace Sabine inaonyesha kwamba chumba hiki, chenye mita za ujazo 67 na nyuso za plasta na marumaru zinazomeza asilimia 3 tu ya sauti, kingeendelea kulia kwa takriban sekunde 3.5. Kwa filamu tunataka karibu 0.4. Zulia nene, kochi la kitambaa na pazia zito vitafanya sehemu kubwa. Dirisha la kushoto liko pale pale sauti ya spika ya mbele inapogonga ukuta, mita 1.07 kutoka mbele, kwa hiyo pazia lake ni kifaa cha sauti. Upande wa kulia utawekwa fremu ya mbao iliyojazwa sufi kwa unene wa sentimita 10 na kufunikwa kitambaa, mbali na soketi kwa kuwa sufi inashika moto. Trei za mayai zinazopigiliwa kwenye studio za mitaani zisikushawishi. Ni karatasi nyembamba, na besi inazipita kana kwamba hazipo.

Chumba hiki bado kina kasoro moja ninayoijutia kwa niaba ya mwenye nyumba: mlango ungeshuka sentimita 60 tu kuelekea kona ya nyuma, spika za pembeni zingekaa nyuzi 110. Sentimita hizo zingekuwa za bure kwenye karatasi. Ndiyo maana ombi langu ni kwa wachora ramani: mteja akisema anataka chumba cha filamu, muulizeni atakaa wapi kabla hamjachora mlango.