Kasoro za Neno "Chinichini" katika Istilahi za Simu

Miongoni mwa istilahi zinazowafikia watu wengi bila ya kupitia shuleni wala katika kamusi ni zile zilizomo ndani ya simu za mkononi. Msomaji wa Kiswahili hukutana nazo kila siku, na mara nyingi hutakiwa akubali au akatae jambo kwa kuzitegemea hizo tu. Hapa tunachunguza fungu moja dogo, nalo ni lile la kazi ambazo programu huziendesha ilhali mwenye simu anashughulika na jambo jingine.

Programu yaweza kupiga muziki, kupakua faili au kufuatia njia apitayo msafiri hata baada ya kuondolewa machoni. Kazi ya namna hiyo huitwa huduma. (Neno hili twaliacha lilivyo, ingawa kwa wengi bado lanukia zahanati na maji ya bomba.) Katika mfumo wa Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, huduma hizi haziachwi zijiendee. Programu ikishaondoka machoni hupewa muda mfupi, kisha mfumo huzisimamisha huduma zake ili kuhifadhi betri na kumbukumbu. Huduma itakayo kuendelea haina budi kujitangaza kwa arifa, na ile iliyoanzishwa kwa ahadi hiyo hupewa sekunde 5 kuitimiza. Basi ziko aina mbili: huduma isiyojionyesha na huduma inayojionyesha.

Sasa tutazame majina. Neno lililoenea kwa aina ya kwanza ni "chinichini". Mwenye kusema chinichini amepunguza sauti asisikiwe, na mwenye kutenda mambo chinichini anawaficha wenziwe. Tunasoma, kwa mfano, kwamba programu "inatumia data chinichini". Mwenye simu aliyekulia katika lugha hii ana haki ya kudhani kwamba anaibiwa. Mfasiri alitaka kusema tu kwamba kazi inafanyika nje ya macho, lakini msomaji amepewa tuhuma. Kasoro huzidi inapofika zamu ya aina ya pili, kwani hapo hutokea maelezo kama "huduma ya chinichini yenye arifa", yaani siri inayopigiwa mbiu.

Wengine, kwa kuikimbia kasoro hiyo, huiita aina ya pili "huduma ya mbele". Nao hawakufika. Mbele ya nini? Mwenye simu anasoma barua zake, muziki unalia, na kilichoko mbele yake ni barua. Wapo pia wanaotumia "mandharinyuma". Neno hilo lina kazi yake halali katika picha, penye mtu aliyesimama na milima nyuma yake. Huduma haina mandhari. "Usuli" nalo limekwisha shikwa na wanazuoni kwa maana ya chimbuko la jambo.

Twapendekeza aina ya kwanza iitwe huduma ya kando, na ya pili huduma bayana. Kando hueleza mahali pa kazi bila ya kumtuhumu mtu. Bayana hutaja sifa ile ile inayoipambanua huduma hiyo na nyingine, nayo ni kudhihirika kwake kwa mwenye simu.

Arifa yenyewe imepewa sifa mbili zisizofaa. "Arifa endelevu" ingepita zamani, lakini leo endelevu ni la misitu na mipango ya maendeleo isiyomaliza rasilimali. "Arifa ya kudumu" si kweli: kazi ikiisha nayo huondoka. Zaidi ya hayo, tangu toleo la 13 la mwaka 2022 mwenye simu aweza kwa kawaida kuifuta arifa hiyo na huduma ikaendelea. Atakaye kuisimamisha huifungua orodha ya programu zinazofanya kazi, iliyowekwa katika eneo la arifa. Mfasiri aliyeandika "ya kudumu" amemdanganya mara mbili, na mbaya zaidi ni pale msomaji anapodhani kwamba arifa ikitoweka na kazi imekoma, kumbe mahali alipo pangali panarekodiwa. Arifa ya kazi yatosha. Vitendo viwili navyo vitenganishwe: arifa hufutwa, huduma husimamishwa.

Limebaki suala la aina za huduma bayana. Toleo la 14 la mwaka 2023 huzitaka programu zilizotengenezwa kwa ajili yake zitaje aina ya kila huduma bayana: ya kamera, ya maikrofoni, ya mahali, ya kupiga muziki na kadhalika. Hapa muundo wetu hauhitaji neno jipya. Twasema huduma bayana ya maikrofoni, na mwenye simu hujua kwamba kuna kinachomsikiliza.