Fundi Kufuli wa Bonde la Mpunga

Ifakara, katika Bonde la Kilombero nchini Tanzania, ni mji wa baiskeli, na penye baiskeli nyingi hapakosi spoki zilizokatika. Gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa, ile inayobebeshwa gunia la mpunga na mtu juu yake, kwa kawaida lina spoki 40, na mashimo ya njia za bondeni hayazihurumii. Spoki ikikatika hutupwa chini ya mwembe wa fundi baiskeli, ikakaa hapo pamoja na misumari na vipande vya tyubu. Jioni hupita mtu mmoja akainama, akapekua, akachagua mbili tatu zilizonyooka, akazifuta mchanga na kuzitia mfukoni. Huyo ni fundi kufuli. Alichookota ndicho atakachofungulia mlango wa mtu.

Nataka kumsifu, kwa sababu kazi yake haijisifu yenyewe. Seremala ana mlango wake unaoonwa na kila apitaye, mhunzi ana jembe lake, fundi cherehani ana gauni linalotembea barabarani. Kazi ya fundi kufuli ikifanywa vizuri haiachi alama. Mlango uliokuwa umefungwa sasa uko wazi, kitasa ni kilekile, ubao haujachubuka, na mwenye nyumba amekwisha kuingia ndani kutafuta kiberiti. Ufundi unaotoweka namna hii ni rahisi kuusahau, na wengi wanaoukumbuka huukumbuka kwa shaka.

Kuna sababu bonde hili linamhitaji kuliko sehemu nyingine nyingi. Bonde la Kilombero lina urefu wa kilomita zipatazo 250, limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mvua yake ni kati ya milimita 1,200 na 1,800 kwa mwaka. Ni maji haya yanayoleta mpunga, na ni mpunga unaowatoa watu majumbani mwao. Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi hufunga nyumba na kuhamia mashambani, mwendo wa saa kadhaa, zikaishi kwenye madungu kulima, kupalilia, kufukuza ndege na kuulinda mpunga usivamiwe na wanyama, hadi mavuno. Kwa miezi hiyo yote kufuli linaning'inia peke yake mlangoni. Unyevu unaingia, kutu inatambaa, na nyigu wa udongo, ambao hawaachi tundu lolote la ukubwa huo, wanajenga ndani ya tundu la ufunguo. Huku shambani ufunguo umefungwa kwenye ncha ya kanga au umetiwa mfukoni mwa suruali ya kazi, na mwenye nao anainama siku nzima ndani ya matope. Ufunguo mdogo ukiangukia kwenye jaruba la mpunga, hautafutwi.

Basi watu wanarudi na magunia na watoto, na mlango unawakataa. Aliye na hasira huchukua nyundo. Lakini kufuli ndilo kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyopo pale. Nyundo inapolikosa kufuli hupasua fremu, na fremu ya mninga ni fedha ya mavuno. Kung'oa tumbuu ni kuacha tundu ukutani ambalo fundi mwashi atalipwa kuliziba. Ndipo mtu mwenye busara anapomtuma mtoto kwa fundi.

Jambo la kwanza analolifanya linawashangaza wanaotarajia miujiza: anasafisha. Anatoa udongo wa nyigu kwa kijiti, anapuliza, anatazama. Kama nyumba iko karibu na mashine ya kukoboa, ndani ya kufuli mna vumbi la pumba, na hapo hatii mafuta kabisa, maana mafuta na vumbi huwa uji mzito unaogandisha kila kitu. Anakwangua risasi ya penseli kwa wembe, anaupuliza unga wake tunduni. Kwenye kutu tupu hutumia mafuta ya cherehani, tone moja, kisha anakaa na kungoja. Kufuli nyingi hufunguka hapo, kwa ufunguo wa mwenyewe kama upo, na fundi wa kweli hasikitiki kukosa nafasi ya kuonyesha makeke.

Lisipofunguka, anakunjua kitambaa chake. Vyombo vyake ni vya aina mbili, na vyote vimezaliwa katika takataka za nyumbani. Cha kwanza ni cha kugeuzia: kichuma bapa kilichokunjwa ncha, kinachokaa ukingoni mwa tundu na kuisukuma silinda izunguke kwa nguvu ndogo sana, uzito wa kidole kilichopumzika. Waya bapa unaokaa ndani ya mpira wa waipa ya gari hufaa kuliko vyote, kwa kuwa ni chuma cha springi na haushiki kutu upesi. Pasipo waipa, kuna ubavu wa mwavuli uliogeuzwa na upepo wa masika. Cha pili ni cha kuchokonolea, chembamba, chenye ncha iliyoinuka kidogo, kinachoingia ndani kutafuta pini mojamoja. Hicho ndicho kinachotoka kwenye spoki, au kwenye bledi iliyokatika ya msumeno wa chuma.

Spoki na bledi haziundwi kwa njia moja, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mtu ambaye hakupita darasa lolote la elimu ya metali. Spoki ilipata ugumu wake kiwandani kwa kuvutwa ikiwa baridi. Anayeipasha moto ili ipindike kirahisi ameiua: inakuwa laini, na itajikunja ndani ya kufuli pale inapotakiwa kusimama. Kwa hiyo fundi huiponda taratibu ikiwa baridi, juu ya chuma kizito, hadi ncha yake iwe bapa, ndipo anapochukua tupa. Bledi ni kinyume. Ni ngumu na kavu, ukiikunja inavunjika na kukurukia usoni. Hiyo husagwa tu, kidogo kidogo, huku ikichovywa majini kila mara, na rangi ya buluu ikijitokeza nchani ujue chuma kimeungua na ugumu umekwisha kuondoka. Anayajua haya kwa mkono na kwa macho, na anayajua sawasawa.

Kisha inakuja kazi ya msasa, ambayo mtu mvivu huiruka. Chombo kinaweza kuwa na umbo sahihi na bado kikawa kibovu, kwa sababu mikwaruzo ya tupa iliyobaki juu yake inapokwaruzana na shaba ya kufuli hutoa kelele mkononi, na kelele hiyo inafunika habari ndogo anayoitafuta. Fundi husugua kwa msasa laini, halafu kwa majivu na kitambaa, mpaka chuma kiteleze kama nyama ya ulimi. Mpini ni tyubu ya baiskeli iliyozungushwa na kukazwa. Hakuna duka linaloweza kumuuzia chombo hicho, kwa maana kimepimwa kwa kidole gumba chake mwenyewe.

Mji huu umezoea akili ya namna hiyo. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza mwaka 1956 kama maabara ndogo ya watafiti wa Uswisi, imejulikana duniani kwa mitego ya mbu, na katika mitego hiyo watafiti wake wakiongozwa na Fredros Okumu walijaribu harufu ya soksi zilizovaliwa kuwa chambo. Soksi chafu na spoki iliyokatika zina heshima moja: zilipata mtu aliyeuliza zinaweza kufanya nini.

Sasa tuingie ndani ya kufuli. Kitasa cha ufunguo mdogo bapa, ambacho Mmarekani Linus Yale mdogo alikipatia hataza mwaka 1861, kimejengwa juu ya wazo la kale sana, lililotumika tangu Misri ya kale kwa makufuli ya mbao: vijiti vinavyoanguka katika matundu na kuzuia kitu kisisogee. Ndani ya kufuli la leo kuna pini tano hivi zilizopangwa mstari, kila moja imekatika vipande viwili, kila moja inasukumwa na springi. Ufunguo sahihi huziinua zote mpaka mipasuko yao iwe sawa na ukingo wa silinda, na silinda inazunguka. Ikipungua moja tu, haizunguki.

Kama kiwanda kingeweza kutoboa matundu matano katika mstari uliokamilika, fundi wetu angekosa kazi. Hakuna kiwanda kinachoweza. Tundu moja daima limeelemea upande kwa kipimo kidogo kuliko unene wa unywele, na kwa sababu hiyo, silinda ikisukumwa kidogo, pini zote tano hazibanwi pamoja. Inabanwa moja. Fundi anaitafuta hiyo, akizigusa zote kwa zamu: hii inadunda, hii inadunda, hii imekaza. Anaiinua polepole hadi inapofika mahali pake, na hapo silinda husogea kwa kiasi ambacho jicho halioni, lakini kidole kilichoshika kichuma cha waipa kinaona. Halafu nyingine inabanwa, naye anaanza upya. Anayetumia nguvu anazibana zote na kujinyima habari. Nimewatazama vijana wenye misuli ya kubeba magunia wakishindwa na kufuli ambalo mzee mwembamba alilifungua huku akizungumza habari za bei ya mchele.

Kuna kazi nyingine ambayo naiona ni kilele cha ufundi huu, nayo inafanywa kwa masizi. Vitasa vya zamani vya milango mingi huku ni vya leva, vyenye ufunguo mrefu wa shina na ulimi mwishoni. Mwenye nyumba akipoteza ufunguo wa kitasa hicho, kufunguliwa mara moja hakumsaidii, anataka ufunguo. Fundi huchukua ufunguo ambao haujakatwa, akaushika juu ya moshi wa kibatari mpaka ulimi wake uwe mweusi, akauingiza kwa uangalifu, akaugeuza kidogo mpaka ukatae, akauchomoa na kuusogeza kwenye mwanga. Pale ulipogusa chuma, masizi yamekwanguka. Anapiga tupa mara mbili mahali hapo, mahali hapo tu, anaurudisha juu ya moshi, anaurudisha kitasani. Inaweza kuchukua asubuhi nzima. Kitasa kimefungwa na hakina cha kuonyesha, lakini kila mara kinaandika mstari mwembamba juu ya weusi, naye anausoma, hadi ufunguo unageuka mzima na kuwa mali ya nyumba ile kwa miaka mingi.

Uvumilivu huu umewahi kutikisa miji mikubwa. Mwaka 1851 jijini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilishughulikia kufuli la Bramah, watengenezaji makufuli wa jiji hilo, lililokuwa limekaa dirishani mwa duka kwa miongo mingi na zawadi ya gini 200 (fedha ya zamani ya Kiingereza) kwa atakayelifungua. Alitumia vyombo alivyoviunda mwenyewe, akafanya kazi kwa zaidi ya saa 50 zilizogawanyika katika siku 16, likafunguka. Wengi walikasirika kwamba amewafundisha wezi. Hobbs alishikilia kuwa wezi huijua kazi yao kabla ya kufundishwa, na asiyejua ni mnunuzi wa kufuli. Naungana naye. Mwizi wa Kilombero hahangaiki na masizi ya kibatari, anabeba mtaimbo.

Siku moja, mavuno yakiwa yamemalizika, nilikuwa kwenye kibanda cha fundi alipofika mama mmoja na mzigo kichwani, ametoka shambani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nyumba imenigomea, baba. Ufunguo nimeupoteza huko huko majarubani."

"Pole. Balozi wenu anajua kama umerudi?"

"Bado hajajua."

"Basi mpitie kwanza, uje naye. Mimi natayarisha vyombo."

Hakumshuku, sauti yake haikuwa na shaka hata kidogo. Alimtaka balozi wa nyumba kumi kama seremala anavyotaka kipimo kabla ya msumeno. Fundi aliye peke yake mbele ya mlango uliofungwa, mikono yake ikiwa na spoki, hana tofauti na mhalifu machoni pa mpita njia. Wakisimama balozi na majirani wawili, kazi ileile inakuwa huduma. Walipofika mlangoni watoto walisogezwa, balozi akakaa kwenye kigoda, na kufuli likafunguka kabla mazungumzo ya mafuriko hayajaisha.

Usiku hali ni ngumu zaidi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na mzigo wa kuionyesha sababu hiyo anao yeye. Sheria hiyo inatulinda sote na sitaki ilegezwe. Lakini muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku na kukuta ufunguo umekatikia tunduni anahitaji mtu wa kumfungulia, na mtu huyo atapita mitaani na kitambaa chake cha vyuma, bila hata karatasi moja ya kumtetea.

Karatasi inaweza kupatikana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa vitendo na akifaulu anapewa cheti. Fundi kufuli apimwe hivyo hivyo. Awekewe kufuli la pini tano, kitasa cha leva kisicho na ufunguo, na bledi iliyokatika aiunde mwenyewe mbele ya mtahini. Akifaulu, mtendaji wa kata amwandikie barua, na kituo cha polisi kiwe na jina lake na picha yake. Na yule kijana anayemshikia taa, ambaye hadi sasa kazi yake ni kusugua vyuma kwa majivu, aanze kuhesabiwa muda wake wa kujifunza tangu siku alipokabidhiwa tupa.