Wao Utamaduni, Sisi Ushirikina

Wiki yangu ya pili Fukuoka, Japani, mwenzangu wa maabara aliniuliza kundi langu la damu. Nikadhani kuna mgonjwa anahitaji kuchangiwa. Nikajibu fasta, "Mimi ni O, twende." Akacheka. "Aaa, ndiyo maana meza yako iko vile." Kumbe alikuwa anapima tabia yangu! Na huyu ni mtu wa shahada ya uzamivu, anayeijua DNA kuliko mimi.

Usiku ule nilikirusha kisa hicho kwenye grupu la WhatsApp la tuliosoma pamoja Dar. Watu walicheka mpaka asubuhi. "Wasomi wazima!" aliandika mmoja. Nilijisikia mjanja sana.

Leo nataka kuzikosoa simulizi za aina hiyo, nikianza na yangu. Unazijua, zimejaa mtandaoni: "Mambo kumi yaliyonishangaza Ulaya", "Wachina na imani zao". Mtu anaenda ughaibuni, anakutana na imani ngeni, anaisimulia kwa kicheko, anafunga. Burudani ipo. Ila ukizisoma kwa jicho la mtafiti, zina kasoro tatu, na ya tatu inatuumiza sisi wenyewe.

Kasoro ya kwanza: zinadhani shule hufuta imani

Kichekesho cha kisa changu kilisimama kwenye neno moja: "wasomi". Yaani tunaamini elimu ikiingia mlangoni, ushirikina unatokea dirishani. Hebu tuangalie data.

Katika kalenda ya jadi ya Japani, kila baada ya miaka 60 hufika mwaka uitwao hinoe-uma, Farasi wa Moto. Imani ya zamani inasema mwanamke aliyezaliwa mwaka huo huwa mkali na humletea mumewe kifo. Mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto kama milioni 1.82. Mwaka 1966, wa Farasi wa Moto, wakazaliwa milioni 1.36. Mwaka 1967 idadi ikaruka hadi milioni 1.94. Pungufu ya robo nzima kwa mwaka mmoja, bila vita wala njaa.

Sasa linganisha na Farasi wa Moto aliyetangulia, 1906. Uzazi ulipungua pia, lakini kidogo sana ukilinganisha na 1966. Japani ipi ilikuwa na shule nyingi zaidi, ile ya 1906 au ile ya 1966 iliyokuwa na treni ya shinkansen na viwanda vya redio? Jibu unalo. Maendeleo hayakuifuta imani, yaliipa vifaa. Mwaka 1906 hata aliyeogopa hakuwa na njia nyingi za kuepuka mimba. Mwaka 1966 uzazi wa mpango ulikuwa umeenea.

Na Japani si nchi ya kuibeza darasani. Kwenye mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, watoto wake wa miaka 15 walipata wastani wa 547 kwenye sayansi, karibu na kilele cha dunia. Hao hao, msimu wa mitihani, huenda hekalu la Dazaifu Tenmangu, karibu na hapa ninapoishi, kutundika vibao vya maombi kwa Michizane, mwanazuoni wa kale anayeheshimiwa kama mungu wa elimu.

Kasoro ya pili: haziulizi imani inajibu swali gani

Mwaka 1937 Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu kuhusu uchawi miongoni mwa Wazande wa Sudan ya kusini. Alikuwa mgeni, na kitabu kina harufu ya enzi za ukoloni. Lakini jambo moja alilifanya ambalo sisi wa mtandaoni hatulifanyi: aliuliza.

Mfano wake maarufu ni ghala la nafaka linaloangukia watu waliojipumzisha kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Sababu ya ghala kuanguka hawakuihitaji uchawi. Uchawi ulijibu swali lingine: kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale? Sayansi hapo inasema "bahati mbaya", na bahati mbaya haijawahi kumtuliza mfiwa.

Rudi kwenye damu. Kisayansi, O, A na B ni tofauti za sukari kwenye uso wa chembe nyekundu. Nadharia ya kuziunganisha na tabia ilipewa nguvu Japani na makala ya Takeji Furukawa ya mwaka 1927, ikafufuliwa na vitabu vya miaka ya 1970. Mwaka 2014 mtafiti wa Kijapani, Kengo Nawata, alichapisha uchambuzi wa majibu ya watu zaidi ya 10,000 wa Japani na Marekani. Hakukuta uhusiano wa maana. Kesi imefungwa.

Lakini mwenzangu hakuwa anafanya utafiti. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza mazungumzo na mgeni kwenye maabara ambayo watu husalimiana kwa kuinamisha kichwa tu. Mimi nikasikia ujinga, yeye alikuwa ananikaribisha.

Kasoro ya tatu: mizani miwili

Hapa ndipo pananikera. Mjapani akitundika kibao hekaluni, tunapiga picha na kuandika "utamaduni". Bibi yangu Tanga alipoandikiwa kombe kwa zafarani, akaliosha kwa maji na kuninywesha asubuhi ya mtihani wa kidato cha nne, hilo tunaliita "ushirikina", tena kwa sauti ya chini. Siku moja kabla ya kutetea tasnifu yangu, mwenzangu yule yule aliniwekea KitKat mezani, kwa kuwa jina lake linakaribiana na maneno ya Kijapani ya "hakika utashinda". Niambie tofauti kati ya chokoleti ile na kombe la bibi. Mimi nimeitafuta, naona ni bei na vifungashio.

Usinielewe vibaya. Siko kwenye kambi ya "kila imani iheshimiwe". Nayo ni uvivu. Kwetu kuna imani zilizomwaga damu: watu wenye ualbino wameuawa kwa ajili ya viungo vyao, na vikongwe wameuawa kanda ya ziwa kwa kuwa na macho mekundu, macho ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa jikoni. Huko hakuna cha utamaduni. Na Japani nako, imani ya damu si mchezo kwa kila mtu; lipo neno kabisa, burahara, la kunyanyaswa kwa sababu ya kundi lako la damu.

Kwa hiyo mizani ninayoipendekeza ina maswali mawili, na yaulizwe kwetu na kwao sawasawa. Dai hili likipimwa, linasimama? Na likiaminiwa, nani analipia? Damu na tabia: halisimami, na wapo wanaolipia. Kombe na chokoleti: havikuongezi alama, ila pia havimuumizi mtu, mradi umesoma. Macho mekundu: halisimami, na bibi wa watu analipia kwa uhai wake. Ukiuliza hivyo, neno "ushirikina" linaacha kuwa tusi la kumtupia mgeni au maskini, linakuwa jambo la kuchunguza.

Wiki iliyopita nilirudi kwenye grupu letu, nikasimulia kisa cha kombe kwa undani ule ule niliotumia kwa mwenzangu wa maabara. Safari hii hakuna aliyecheka. Baada ya kimya kirefu, yule wa "wasomi wazima" alinifuata inbox: "Kaka, hiyo usiiweke hadharani. Mimi mama alinifungia hirizi."

Nimemwomba ruhusa ya kuiandika hapa bila jina lake. Amekubali. Wewe yako ni ipi?