Chumvi Mwachie Mtoto

Kumfundisha mtoto kupika wali wa nazi huanzia mbali na jiko, kwenye sinia. Mchele unamwagwa, mtoto anakaa chini, anachagua: mawe, chuya, punje zilizopita mashineni na maganda yake. Siku hizi mchele mwingi wa dukani huja umeshasafishwa, na mtu mwenye haraka angeuliza kazi hiyo ya nini. Bibi ninayemsema hapa, jirani yangu mjini Tanga, hana haraka. Mjukuu wake wa kiume, mtoto wa miaka tisa, huchaguzwa mchele hata ukiwa mweupe pe, kwa sababu asiyeutazama mchele, anasema bibi, atajuaje kama ni mpya au wa zamani?

Na hilo si dogo. Mchele uliovunwa juzi bado una maji yake; ukiupa tui jingi unakuwa bokoboko. Wa zamani hunywa. Bibi amemwekea mjukuu kipimo cha vikombe 3 vya mchele kwa vikombe 5 na nusu vya tui, halafu wanapunguza au kuongeza kwa kadiri ya mchele wenyewe. Akipika peke yake bibi hagusi kikombe. Kimeletwa jikoni kwa ajili ya mtoto tu, na mimi namvulia kofia kwa hilo. Wapishi wangapi hodari hufundisha kwa kusema "weka kiasi", mwanafunzi akabaki ameduwaa na upawa mkononi, hajui kiasi ndicho kipi!

Nazi mbili anazivunja bibi mwenyewe kwa mgongo wa panga, maji yakiingia bakulini, na bakuli hilo halikai sana kabla mtoto hajalimaliza. Kukuna ni kazi ya mjukuu. Anakalia mbuzi, kifuu kwenye viganja viwili, anakizungusha kidogokidogo ili meno ya chuma yale weupe sawasawa na yasifike kwenye ngozi ya kahawia. Yakifika, tui hupoteza weupe wake. Siku niliyokaa nao, yalifika. Bibi hakukaripia. Aliokota chembe moja ya kahawia, akaiweka kwenye kiganja cha mtoto, akarudi kwenye kigoda chake. Kifuu kilichofuata kilikunwa polepole zaidi, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo.

Baada ya hapo ni maji ya uvuguvugu na kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, linawekwa kando na halichezewi. Machicha yanarudishiwa maji, yanakamuliwa tena na tena, na hilo tui jepesi ndilo linalotangulia kwenye sufuria ya wali. Zipo nyumba zinazochanganya yote tangu mwanzo, na wali wao unalika vizuri tu. Bibi huyu hulitia zito mwishoni, maji yakikaribia kukauka, na ukila kwake unaelewa kwa nini.

Kisha ikaja chumvi, na hapa ndipo nilipoanza kumwangalia mwalimu zaidi ya mwanafunzi. Kabla mchele haujaingia, mtoto aliambiwa atie chumvi mwenyewe, aonje, aamue. Kanuni aliyopewa ni moja: tui liwe na chumvi kuzidi kidogo unavyopenda, maana mchele utaila. Akatia, akaonja, akamtazama bibi.

"Imetosha, bibi?"

"Mimi sijaonja, mume wangu. Ulimi unao wewe."

Akaongeza kidogo. Ilikuwa bado haitoshi, nami nilijua, na bibi alijua, kwa sababu alikuwa ameliona fungu alilotia. Aliuacha wali uive hivyo. Wali uliopungua chumvi huokolewa na mchuzi. Uliozidi hauokolewi na mtu. Ndiyo maana chumvi alikabidhiwa kwa kijiko kidogo cha chai na kijichungu cha chumvi kikaondoshwa. Kumbe mama huyu amezipanga hitilafu zote za jikoni kwake mafungu mawili: zile ambazo mtoto ana haki ya kuzifanya, na zile ambazo hatazifanya bibi akiwa hai. Makaa yako fungu la pili. Mafuta ya moto pia. Kisu, kinyume na nilivyotarajia, kiko fungu la kwanza, tena kisu kikali, kidogo, kinachoingia kwenye nyanya bila kusukumwa. Kisu butu ndicho kinachowakata watoto: kinateleza, na mkono unaokisukuma una nguvu nyingi.

Kupika chakula kimoja mtoto yeyote mwenye akili atajifunza kwa siku chache. Chakula cha usiku cha nyumba nzima ni jambo jingine, kwa kuwa wali, mchuzi wa samaki na mchicha vinatakiwa vifike mkekani pamoja, vyote vya moto, na majiko ni mawili. Watu wazima wengi hawaliwezi hili. Bibi hulifundisha kwa kuuliza. "Kipi kinaweza kungoja?" Mtoto akafikiri. Wali unaweza, ukishapaliwa. Samaki ameshakaangwa, anangoja mchuzi. Mchicha haungoji, ukikaa unasinyaa na kutoa maji. Basi mchicha uliachwa wa mwisho, umeshaoshwa na kukatwa, na muda wa wali kukauka chini ya makaa ukawa muda wa kuunga mchuzi. Sikusikia dakika zikitajwa hata mara moja. Kilichotajwa ni sauti: tui likichemka hububujika, maji yakiisha mbubujiko unageuka mchakacho mdogo chini ya sufuria, na anayepiga gumzo haisikii.

Kupalia alikufanya bibi mwenyewe. Akapunguza moto chini, akapanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, mtoto akiangalia kutoka hatua mbili. Sijui ataifanyia wapi kazi hiyo akikua. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kwa vifua vya mama zetu ni heri. Jiko la gesi halina makaa ya kupanga juu. Mpishi wa gesi huteremsha moto mpaka ukawa uzi, huweka kikaango bapa chini ya sufuria, na hupata wali mzuri. Ukoko wake tu ndio sijauzoea.

Mchuzi ndio uliokuwa mtihani. Vitunguu, nyanya na bizari vilishaiva, tui zito likaingia, na mtoto akapewa mwiko akoroge bila kuacha mpaka lichemke, la sivyo litakatika. Kaka yake akapita mlangoni na mpira, akacheka, "Mpishi wa shughuli huyo!" Alikusudia dhihaka, ingawa huku Pwani masufuria makubwa ya pilau ya harusi husimamiwa na wanaume na hakuna awachekaye. Mtoto aligeuka kumjibu. Mwiko ukasimama. Alipouangalia tena mchuzi, mafuta yalikuwa yamejitenga juu, vipande vyeupe vinaelea.

Bibi mikono ilikuwa mapajani. Niliiona ikinyanyuka kidogo, ikarudi. Nadhani huo ndio ustadi wenyewe, na haukumjia bure mtu ambaye angeweza kuuokoa mchuzi ule kabla haujaharibika. Alisema tu, "Unalika. Ipua, ndimu tutie ikishatua chini." Ndimu ikitiwa sufuria ingali motoni, tui lingezidi kukatika.

Walikula sita. Chumvi ya mchuzi, ambayo bibi aliitia kwa mkono wake, ilikuwa imezidi kwa kiasi kilekile ambacho ya wali ilipungua. Kaka mwenye mpira aliongeza sahani.

Kinachofuata ni samaki. Ameshatengewa changu mdogo, wa kumtosha mkononi, na maelekezo yametangulia: magamba hupaliwa kutoka mkiani kwenda kichwani, lakini mapezi ya mgongoni yakatwe kwanza, maana yanachoma.