Kinyozi wa Uongo, Mshonaji wa Kweli: Uhakiki wa Filamu ya Monte Carlo (1930)

Filamu ya Monte Carlo, iliyoongozwa na Ernst Lubitsch kwa ajili ya kampuni ya Paramount, husifiwa kwa wepesi wake, na wengi huishia hapo. Sisi twaona kwamba wepesi huo unafunika jambo linalostahili kuhojiwa.

Msuko wenyewe ni mfupi. Kontesi Helene (Jeanette MacDonald) anamtoroka Mwanamfalme Otto siku ya arusi, akaingia garimoshini na koti la manyoya juu ya nguo za ndani. Huko Monte Carlo kamari inammaliza. Konte Rudolph (Jack Buchanan), aliyekosa njia ya kumkaribia, anajifanya kinyozi ili aajiriwe naye.

Fani ya filamu hii inafikia kilele garimoshini. Magurudumu na king'ora vinaanzisha mapigo, Helene anaimba dirishani, na wakulima walioko mashambani wanapunga mikono na kumwitikia. Kwa mwaka 1930, wakati kamera nyingi za Hollywood zilikuwa zimefungwa miguu na vyombo vya kunasia sauti, onyesho hili ni ushindi mkubwa. Msikilizaji aliyezoea kiongozi na waitikiaji atalielewa mara moja. Lakini na aulize: waitikiaji hawa ni nani? Hawana jina wala neno lao wenyewe. Wanaipokea furaha ya kabaila, kisha garimoshi linapita, nasi hatuwaoni tena.

Ndivyo ilivyo kwa kinyozi pia. Helene anampenda, lakini anaona haya kwa sababu ya kazi yake. Hapo ndipo palipokuwa na mgogoro wa kweli wa kitabaka, na hapo ndipo Lubitsch anapoukwepa. Katika jumba la opera wanatazama Monsieur Beaucaire, kisa cha Booth Tarkington kuhusu mtukufu aliyejificha katika unyozi. Helene anamwona Rudolph ameketi kwenye kibanda cha matajiri, na kila kitu kinaeleweka. Anaomba msamaha, naam, ila anamwomba konte. Hatutajua kamwe kama kinyozi angeupata mkono wake. Kichekesho kinacheka vyeo bila kuvigusa.

Tuilinganishe na Love Me Tonight ya Rouben Mamoulian (1932), ya kampuni hiyohiyo na mwigizaji huyohuyo wa kike. Humo Maurice Chevalier ni mshona nguo wa Paris anayedhaniwa kuwa baroni katika kasri alikokwenda kudai deni lake. Barakoa inapoanguka, chini yake hakuna konte: ni fundi mwenye sindano. Kasri zima, watumishi wakiwemo (na hili ndilo linalouma zaidi), linaimba kwa hasira kwamba yeye ni mshonaji tu. Binti mfalme naye anayumba kwanza, kisha anapanda farasi, analifukuza garimoshi linalomrudisha fundi Paris, na kusimama katikati ya reli mpaka lisimame.