Dereva wa Feni ni Nani? Uhakiki wa Tafsiri ya Onyo Moja la Kompyuta

Thamani ya istilahi haipimwi kwa utamu wa sauti yake, bali kwa kazi inayofanya mikononi mwa mtumiaji. Istilahi nzuri humwongoza fundi hadi kwenye kitu kinachokusudiwa. Istilahi mbaya humpeleka penginepo, tena kwa gharama. Makala haya yanakusudia kuhakiki tafsiri ya sentensi mbili tu, ambazo mwandishi alizikuta zimebandikwa ukutani katika chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari wilayani Kyela, upande wa ziwani.

Yafaa kwanza msomaji akumbushwe hali ya mahali penyewe. Uso wa Ziwa Nyasa uko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tukuyu, iliyo mwendo mfupi tu wa gari, iko karibu mita 1,500. Mashine iliyokuwa kimya Tukuyu huanza kuvuma ikishushwa Kyela. Juu ya joto kuna vumbi la pumba wakati wa kukoboa mpunga, na wale wadudu wa ziwani wapaao kama wingu la moshi. Katika nchi kama hiyo feni ya kompyuta si pambo. Ikisimama, mashine hujizima ili isiungue, na somo la siku hiyo limekwisha.

Tafsiri iliyobandikwa ilisema hivi: “Dereva wa feni amepitwa na wakati. Tafadhali mbadilishe.” Fundi aliyeitwa alisoma akaelewa, kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba kile kinachoiendesha feni kimechakaa. Kinachoiendesha feni ni mota, na mota imo ndani ya feni. Basi akaing'oa feni yenye nyaya nne, akanunua nyingine sokoni yenye nyaya mbili, akaifunga. “Mwalimu,” akasema, “dereva mpya ameshawekwa.” Onyo halikuondoka. Zaidi ya hayo, tangu siku hiyo kompyuta ilisoma kasi ya feni kuwa sifuri, kwa kuwa nyaya mbili huleta umeme tu. Uzi wa kupeleka taarifa ya mzunguko na uzi wa kupokea amri havimo. Feni nzima ilitolewa, ikawekwa pungufu, na fedha ya shule ikatumika.

Fundi hana lawama. Alitii maneno. Hatuna budi basi kuyahakiki maneno yenyewe.

Onyo hilo hutolewa na kiini cha Linux, mfumo wa uendeshaji ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayogawa kazi za mashine na kusimamia vifaa vyake. Lakini kiini hakizijui feni za kila kiwanda. Kati yake na feni huwapo programu ndogo inayofanya kazi ya mkalimani: huhesabu mapigo yanayotoka kwenye feni, ambayo aghalabu ni mawili kwa kila mzunguko, na kuyageuza kuwa idadi ya mizunguko kwa dakika, kisha huchukua namba kati ya 0 na 255 na kuigeuza kuwa amri ya kasi. Programu hiyo ndiyo iliyoitwa “dereva”.

Zamani kila mwandishi wa programu ya namna hii alitengeneza kwa mkono wake mafaili ya kuonyeshea kasi na joto, kila mmoja kwa mtindo wake. Katika toleo la 4.9, lililotoka Desemba 2016, kiini kilipata njia mpya ya kusajili vifaa hivi: mwandishi hutaja tu vipimo alivyonavyo na jinsi ya kuvisoma, na kiini chenyewe huyatengeneza mafaili. Njia ya kale iliachwa, na programu inayoendelea kuitumia husababisha onyo. Kwa hiyo kilichopitwa na wakati ni njia ya kusajili, wala si programu nzima, sembuse feni. Anayeambiwa afanye kazi ni mwandishi wa programu, wala si fundi wa Kyela. Na kazi yenyewe ni kuandika upya, si kubadilisha.

Tafsiri yetu basi ina makosa matatu.

La kwanza ni neno “dereva”. Watetezi wake watasema kwamba kukopa si dhambi, na kwamba “kompyuta” limeshinda “ngamizi” hapa Tanzania bila madhara. Ni kweli, lakini “kompyuta” lilikuja na kitu chake kipya, wakati “dereva” lilikwisha kuwa na mtu wake, mwenye usukani na leseni. Ndiyo maana mfasiri alilazimika kuandika “amepitwa” na “mbadilishe”, kana kwamba ndani ya sanduku ameketi kijana wa zamu.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kiliwahi kupita njia hiyo. Neno “pangaboi” asili yake ni Bara Hindi, ambako panka lilikuwa pazia lililoning'inizwa darini, na mtumishi aliyelivuta kwa kamba aliitwa kwa jina la pazia hilo pamoja na neno la Kiingereza la kumwita mtumishi wa kiume. Mtumishi alikwenda zake, jina lake likabaki kwenye mashine. Mwendeshaji na kinachoendeshwa vikawa kitu kimoja. Kwenye dari hilo halina hasara, maana pangaboi huwashwa na kuzimwa tu. Ndani ya kompyuta lina hasara, kama tulivyoona.

Wengine hutumia “kiendeshi”. Neno hili ni bora, kwa kuwa kiambishi ki- kinaonyesha chombo. Hata hivyo matini nyingi hulitumia pia kwa chombo cha kuzungushia diski. Na “kiendeshi cha feni” bado humwelekeza fundi kwenye mota. Pendekezo letu ni kutanguliza jina la aina: “programu kiendeshi ya feni”. Hapo hakuna atakayechukua bisibisi.

La pili ni kitenzi. “Kubadilisha” ni kutoa hiki na kuweka kile. “Kusasisha” ni kupokea toleo jipya lililokwisha kutengenezwa. “Kuboresha” huahidi manufaa, na hapa feni haitazunguka vizuri zaidi hata kidogo. Kazi iliyotajwa ni “kuandika upya ili ifuate utaratibu mpya”. Maneno ni mengi, lakini yana ukweli.

La tatu, ambalo ni zito zaidi, ni kutomjua anayesemeshwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, na watumiaji wakaona kwamba menyu za kompyuta zaweza kusema Kiswahili. Menyu humsemesha mtumiaji. Onyo la kiini humsemesha mtaalamu, na likitafsiriwa kwa ajili ya shule halina budi kueleza hivyo. Sisi tungeandika: “Programu kiendeshi ya feni hutumia njia ya kusajili iliyoachwa. Mwandishi wake anaombwa kuiandika upya. Feni haina kasoro, isiguswe.”

Huenda ikasemwa kwamba sentensi ya mwisho haimo katika maandishi ya asili. Haimo, kwa sababu mwandishi wa asili hakuwa akimwandikia mtu aliye Kyela, mwenye joto la Kyela na bisibisi mkononi. Mfasiri ndiye aliyemwandikia. Walimu na maofisa wanaoandaa matangazo ya namna hii wanaombwa, kabla ya kubandika, wamwulize fundi swali moja: ukisoma maneno haya, utagusa nini? Jibu lake litaonyesha kama istilahi imefaa.